Nyumba ya mabati: Ukuta si paa lililosimamishwa wima

UKITOKA mjini Kisumu kwa barabara ya Busia, ukaupita uwanja wa ndege, hukawii kufika Otonglo. Hapa, na Kisian iliyo mbele kidogo, jiji huanza kukutana na maboma ya mashambani, na mtu mwenye kipato kidogo bado anaweza kujijengea nyumba kwa mikono yake, au kwa msaada wa fundi mmoja na kibarua wake. Aghalabu nyumba hiyo huwa ya mabati, kuanzia paa hadi ukuta.

Sababu kuu ni wakati. Nyumba ya udongo hungoja kukauka, na ya matofali hungoja pesa. Nyumba ndogo ya mabati, mbao zikiwa tayari, yaweza kusimama kwa siku chache. Katika jamii ya Waluo jambo hili lina uzito wake. Kijana aliyebaleghe hutarajiwa kuwa na simba, yaani nyumba yake ndogo katika boma la babake. Naye mwanamume aliyeoa hutarajiwa kuwa na nyumba nyumbani kwao, na akifariki kabla ya kuijenga, jamaa hulazimika kuisimamisha haraka ndipo maziko yafanyike. Si ajabu basi kwamba nyumba nyingi za mabati hujengwa kwa pupa, watu wakiwa na haya au majonzi, na hakuna mwenye subira ya kuuliza maswali.

Na maswali yapo. Paa limezoeleka, kila fundi alijua tangu alipokuwa kibarua. Ukuta wa mabati ni kazi nyingine kabisa, ingawa bati ni lile lile.

Bati lenyewe si geni katika ufuo wa Ziwa Victoria. Mhandisi Mwingereza Henry Robinson Palmer ndiye aliyepata hataza ya bati la mikunjo mjini London mwaka 1829. Aligundua kwamba karatasi nyembamba ya chuma ikikunjwa kwa mawimbi hupata nguvu ya kujibeba bila kuongezwa uzito. Reli ya Uganda ilipofika Kisumu mnamo Desemba 1901, wakati huo mji ukiitwa Port Florence, usafirishaji wa mabati kutoka pwani ukawa rahisi. Jambo la kukumbuka kutokana na ugunduzi wa Palmer ni hili: nguvu ya bati imo katika mawimbi yake. Wimbi likibondwa na nyundo, nguvu hiyo hupotea.

Mnunuzi huanza kutatizika dukani. Unene wa bati hutajwa kwa geji, na hesabu ya geji huenda kinyume: namba ikiwa kubwa, bati ni jembamba. Geji 28 ni nene kuliko geji 30, na geji 32 ndiyo nyembamba kuliko zote mbili. Mtu hushawishika kuchukua geji 32 kwa ajili ya ukuta, akidai kwamba ukuta haubebi mvua. Lakini ukuta huegemewa na watu, hugongwa na baiskeli, hupigwa mpira na watoto, na mbuzi nao hujikuna hapo. Kwa maoni yetu, mwenye pesa za kutosha upande mmoja tu wa nyumba hafai kuokoa fedha kwenye ukuta. Geji 30 ndiyo kiwango cha chini kinachostahili. Tazama pia maandishi yaliyochapwa kwenye bati lenyewe, yakiwemo jina la kiwanda, geji na alama ya ubora ya Shirika la Viwango nchini (KEBS). Bati lisilo na maandishi yoyote huenda likawa la bei nafuu kwa sababu usiyoijua.

Hesabu ya mabati nayo huwaponza wengi. Tuchukue nyumba ya mita 3 kwa mita 6, yenye kuta za urefu wa mita 2.5 kwenda juu. Mzingo wake ni mita 18. Bati la kawaida huwa na upana wa takriban sentimita 90, na anayegawanya 18 kwa 0.9 hupata mabati 20. Akifika kwenye kona ya mwisho hujikuta amepungukiwa, kwa kuwa kila bati hulalia la jirani yake. Baada ya kulaliana, ni busara kuhesabu sentimita 75 kwa kila bati. Hivyo mzingo huo huhitaji mabati 24 ya mita 2.5. Usitoe nafasi ya mlango na dirisha. Vipande vinavyobaki hapo vitajaza juu ya mlango na chini ya dirisha. Pembe tatu mbili zilizo chini ya paa, ikiwa kilele kimepanda sentimita 75, zitameza mabati mawili zaidi. Jumla ni 26. Bei hubadilika kila mara, ila tofauti ya mabati sita haiwezi kudharauliwa na mtu aliyekodi mkokoteni mara moja tu.

Kabla ya bati la kwanza kugongwa, kuna msingi. Hapa ndipo nyumba nyingi za mabati huanza kufa. Bati lililozikwa ardhini, au linalogusa udongo, hushika kutu kutoka chini huku sehemu ya juu ingali inang'aa. Maji ya mvua yanayodondoka kutoka kwenye paa huruka na kurusha tope ukutani, na samadi na mkojo wa mifugo huharakisha uharibifu. Dawa yake ni msingi wa mawe au matofali ulioinuka angalau sentimita 30 juu ya ardhi. Mabati yashuke kidogo nje ya ukingo wa juu wa msingi huo, kama sketi, ili maji yateremke nje badala ya kuingia ndani. Paa nalo litokeze vya kutosha kuukinga ukuta. Saruji mbichi pia hula zinki iliyopakwa kwenye bati, kwa hiyo acha msingi ukauke kwanza, na usikandike saruji moja kwa moja kwenye bati ukidhani unaziba mwanya.

Nguzo zifuate. Zikiwa za mkaratusi, zikauke vyema kabla ya kutumiwa, la sivyo zitajipinda na kuvuta misumari. Nguzo zinazochimbiwa ardhini zifike kina cha sentimita 60 hivi, nazo zitiwe dawa ya mchwa. Walio na uwezo huzifunga kwa vyuma vilivyozamishwa kwenye zege la msingi, ili mti usiguse udongo kamwe. Umbali kati ya nguzo na nguzo usizidi mita moja na nusu. Katika kila kona, pigilia mbao ya mshazari. Wengi huiacha wakidhani mabati yenyewe yataishika nyumba isiyumbe. Upepo mkali unaotangulia mvua ya jioni hauna habari na dhana hiyo.

Baadaye hupigiliwa mbao za kulala, zinazoizunguka nyumba kama mishipi. Kwa ukuta wa mita 2.5, mishipi minne inatosha: chini, juu na miwili katikati. Ikiwa miwili pekee, bati la katikati hucheza, hulia usiku kucha upepo unapovuma, na matundu ya misumari hupanuka. Atumie timazi na pimamaji hapa, kwa sababu bati halifichi kasoro; mbao iliyopinda hujionyesha kwa kila apitaye njiani.

Sasa mabati. Mawimbi yasimame wima ili maji yateremke. Bati la kwanza lipimwe kwa timazi, si kwa kulinganishwa na kona ya nyumba, kwani likiinama kwa upana wa kidole, la kumi litakuwa limeinama kwa upana wa kiganja. Kwenye paa, mabati hulaliana kwa wimbi moja na nusu. Ukutani, wimbi moja kamili linatosha. Ukingo ulio juu uelekee kule upepo unakokwenda, si unakotoka. Otonglo upepo wa mchana huvuma kutoka ziwani, ilhali dhoruba nyingi za jioni huja kutoka mashariki, upande wa milima ya Nandi. Mwenye boma anajua mvua humpiga kwa upande gani. Fundi aliyetoka mbali hajui, na ni haki yake kuambiwa.

Suala la misumari lina ubishi. Kwenye paa, msumari hupigwa juu ya wimbi, kwa kuwa maji hupita bondeni. Mafundi wengi huhamisha mazoea hayo hadi ukutani. Lakini ukutani maji hayatuami; huteremka mara moja. Bonde la wimbi ndilo linalogusa mbao, na msumari au skrubu ikipita hapo hulikaza bati barabara bila kulibonda. Ikipita juu ya wimbi, kuna nafasi tupu nyuma yake, na kila pigo la nyundo hulididimiza. Sisi tunaegemea upande wa bonde, tena kwa skrubu zenye mpira. Hizo zina faida nyingine: siku ya kuhama, bati hufunguliwa likiwa zima. Kwa anayeishi kwenye ardhi ya kukodi, hilo ni akiba.

Kukata bati hufaa kufanywa kwa mkasi wa mabati. Grinda ni ya haraka, ila cheche zake huunguza zinki na kuacha ukingo ulio tayari kushika kutu. Vumbi la chuma linaloangukia bati nalo huota madoa mekundu baada ya mvua ya kwanza. Kona za nyumba zifunikwe kwa kipande cha bati bapa kilichokunjwa kama kitabu kilichofunguliwa. Juu ya mlango na dirisha pawe na kipande kingine kinachoanzia nyuma ya bati la juu na kutokeza nje, la sivyo maji yatateremkia ndani ya fremu.

Mtu akifika hapa hudhani amemaliza. Kumbe kilichobaki ndicho kitakachoamua kama nyumba inakalika. Kisumu ni joto, na bati hulipitisha joto hilo bila kizuizi. Nyumba ya udongo, pamoja na udhia wake wa kukandikwa kila mara, hubaki na ubaridi mchana. Ile ya mabati huwa tanuri adhuhuri, na alfajiri hutoa matone ya umande ndani. Madirisha mawili yanayotazamana husaidia kuliko dirisha moja kubwa. Ukitaka kuweka ubao upande wa ndani, acha nafasi ya vidole viwili kati yake na bati ili hewa ipite. Makatoni yanayogongwa ukutani ni hatari. Kibatari kimoja kikianguka, moto hupanda hadi paani kabla mtu hajaamka.

Dari ndiyo yenye manufaa zaidi, na malighafi yake imo ufuoni. Mikeka ya mafunjo, ambayo Waluo huyaita togo, hupunguza joto linaloshuka kutoka paani. Aidha, hupunguza mbu. Mbu wanaoeneza malaria hupenda kuingia kupitia mwanya ulio kati ya ukuta na paa, na utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kutoka eneo la kilimo cha mpunga magharibi mwa Kenya ulionyesha kwamba dari za mikeka ya mafunjo zilipunguza sana mbu hao ndani ya nyumba. Usiuzibe mwanya huo kwa bati pekee, maana utafungia joto ndani. Weka wavu wa mbu, hewa ipite na mdudu abaki nje.

Kuna hatari nyingine isiyoonekana. Waya wa umeme ukichubuliwa na ukingo wa bati, ukuta mzima hugeuka kuwa waya. Mtoto anayeugusa akiwa miguu mitupu kwenye ardhi yenye maji anaweza kufa papo hapo. Kila waya unaopenya bati upite ndani ya paipu ya plastiki, mabati yaunganishwe na waya wa ardhi, na kifaa cha kukata umeme unapovuja kiwekwe. Kazi hii afanye fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA), si jirani mwenye bisibisi. Kuhusu radi, si kweli kwamba mabati huivuta. Radi hufuata zaidi urefu wa kitu na upweke wake. Hata hivyo, mvua ya radi inaponyesha, usiegemee ukuta.

Mwenye kujenga asisahau kwamba hata nyumba ndogo huhitaji idhini ya serikali ya kaunti, kwa mujibu wa Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, na kwamba ardhi iliyo kando ya barabara kuu ina mpaka wa akiba ya barabara. Bati hung'olewa upesi kama lilivyogongwa.

Wenye kutaka kupaka rangi mabati meupe wasiharakishe. Bati jipya lina utelezi na rangi ya kawaida hubanduka. Ama lisafishwe na kupakwa kwanza rangi ya msingi iliyotengenezewa zinki, ama liachwe lichakae kwa mvua na jua hadi ung'avu wake ufifie. Rangi nyeupe au nyingine nyepesi hurudisha jua. Ile nyekundu iliyokolea, inayopendwa na wengi kando ya barabara, hulimeza.