Kimeng'enya Kinachotolewa Kiinini

Mtu akipanda mlima kwa baiskeli, kalsiamu humwagika ndani ya seli za misuli ya mapaja kila msuli unapojikaza. Kazi yake ya kwanza inafahamika: kuufanya msuli uvute. Ya pili haisemwi sana, nayo ni kuwasha jeni. Inaanza kwa kukitoa kimeng'enya kiitwacho HDAC5 nje ya kiini cha seli.

HDAC5 ikiwa kiinini huing'ang'ania MEF2, protini inayokaa juu ya DNA na kuwasha jeni za msuli. DNA yenyewe imezungushwa kwenye protini ziitwazo histoni. Histoni zikinyang'anywa vikundi vidogo vya kemikali viitwavyo asetili, DNA hubana na jeni hazisomeki. Ajabu ni kwamba HDAC5, ingawa imewekwa kwenye ukoo wa vimeng'enya vinavyoondoa asetili, ni dhaifu mno kwa kazi hiyo. Humwita mwenzake, HDAC3, aifanye. Basi nguvu yake iko katika pale ilipokaa: ikihamishwa, hata bila kuvunjwa, jeni zinapumua.

Kuihamisha kuna kazi. Ina asidi amino zaidi ya 1,100, kwa hiyo haipenyi hivi hivi kwenye matundu ya utando wa kiini. Kalsiamu huamsha vimeng'enya vya CaMK, navyo huibandika fosfeti mahali pawili, kwenye serini ya 259 na ya 498. Hapo protini ya 14-3-3 (majina ya maabara hayana huruma) hupata pa kushika. MEF2 inaachiwa, na alama ya kutokea iliyo upande wa mkiani mwa HDAC5 inaanza kufanya kazi. CRM1, mchukuzi wa mizigo itokayo kiinini, huitambua alama hiyo, hujishikiza na protini iitwayo Ran iliyobeba molekuli ya GTP, kisha hupita tunduni na mzigo wake. Huko nje GTP inakatwa, mshiko unalegea, mzigo unashuka, naye CRM1 anarudi ndani.

Ushahidi ninaoupenda zaidi ulitoka Dallas, Texas, mwaka 2000, kwa Timothy McKinsey, Eric Olson na wenzao. Waliziharibu zile serini mbili ili fosfeti isipate pa kukaa. HDAC5 ikagoma kutoka hata CaMK ilipochapa kazi, na seli changa zikashindwa kukomaa kuwa msuli. Mwaka 2009 watafiti wengine walichunguza misuli ya watu walioendesha baiskeli kwa dakika 60 wakakuta HDAC5 na ndugu yake HDAC4 zimepungua kiinini.

Kwenye moyo njia hiyo hiyo huleta balaa. Moyo unaosukuma damu kwa shinikizo kubwa muda mrefu huzitoa HDAC hizi nje ya kiini, jeni za ukuaji zinawaka, na misuli yake inanenepa. Mbona basi tusimzuie mchukuzi? Dawa ya kumzuia CRM1, selinexor, ipo, na Marekani iliiruhusu mwaka 2019 kwa saratani ya uboho. Lakini CRM1 hubeba mamia ya protini nyingine, na kuifungia njia yote kwa ajili ya mzigo mmoja ni gharama kubwa kwa mgonjwa wa moyo. Kwangu mimi, pa kulenga ni wale wanaobandika fosfeti.