Faili Linalokutuma Kwingine

Paukwa! Pakawa!

Sogeeni, wanangu, niwasimulie habari za kiungo. Mwaka 1983, katika Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, Marekani, ulitoka mfumo wa kuendeshea kompyuta wa Unix ulioitwa 4.2BSD. Humo mlikuwa na faili la ajabu: halikubeba hadithi wala picha, bali njia tu ya kufikia faili jingine. Ni kama kikaratasi kilichobandikwa mlangoni kwa fundi: "Nimehamia nyumba ya pili." Ukikisoma, unakwenda huko. Hicho ndicho kiungo.

Leo lugha ya programu ya Python hukitengeneza kwa mstari mmoja. Tangu 2014 inayo maktaba ya pathlib, na humo mna amri ya symlink_to. Tuseme folda yako ya hadithi ina faili la ngano.txt. Unaandika:

Path("leo.txt").symlink_to("hadithi/ngano.txt")

Linaanza jina la kiungo, kisha kule kinakoelekea. Amri kongwe ya os.symlink hutaka kinyume chake, kwa hiyo angalieni.

Ukifungua leo.txt, unasoma ngano. Ukiandika humo, unaibadili ngano yenyewe. Lakini ukikifuta kiungo kwa amri ya unlink, ngano inabaki salama.

Sasa tegeni masikio. Siku moja mtu akaifuta ngano.txt. Kiungo hakikuambiwa neno. Kikabaki pale pale, kikielekeza pasipo na kitu. Ukaiuliza Python kwa amri ya exists: leo.txt ipo? Ikajibu False, haipo. Haya, ukaamua kuunda kiungo kipya kwa jina lile lile. Python ikakataa: jina limekwisha chukuliwa! Limechukuliwaje na kitu ambacho hakipo? Ni kwamba exists hukifuata kiungo mpaka mwisho wa njia, na mwisho ule ulikuwa mtupu. Wa kuulizwa ni is_symlink. Huyo hatoki hapo. Hukitazama kiungo chenyewe na kusema True, kipo. Tena ngano.txt ikiandikwa upya mahali pake, kiungo hufanya kazi kama zamani, bila mtu kukigusa. Mimi napenda sana uvumilivu huo.

Yale maneno "hadithi/ngano.txt" nayo huhesabiwa kuanzia folda yenye kiungo, si folda unayofanyia kazi wewe. Kihamishe kwenye folda nyingine, na mara nyingi kitapotea.

Na viungo viwili vikielekezana, hiki kwa kile na kile kwa hiki? Mfumo wa Linux hufuata viungo 40; vikizidi hapo husimama na kutoa kosa. Kompyuta haizunguki milele.

Basi, wanangu, mkiandika programu ya kufuta mafaili, iulizeni is_symlink kabla ya kuingia folda yoyote. Huenda folda hiyo ni kiungo, na huko kinakopeleka kuna kazi ya mtu mwingine.