Picha za Simu Zionekane Wapi Nyumbani?

Hebu jiulizeni: picha ngapi zimo ndani ya simu ya mzazi wako, na ngapi ziko ukutani? Kwetu simu zimejaa pomoni, ukutani pana kalenda tu. Basi likizoni tulishauriana: tununue ile fremu ya stima inayobadilisha picha yenyewe, tutumie runinga, ama tuchapishe?

Mimi niliunga mkono kuchapisha. Fremu ya stima inapendeza, sikatai, na hubeba mamia ya picha. Lakini stima ikipotea inabaki kioo cheusi. Runinga nayo ni nzuri wageni wakija. Unachomeka flashi, picha zinatokea kubwa kubwa. Ila ikifika saa moja ya taarifa ya habari, nani atakubali? Tena nyanya hashiki simu wala rimoti. Picha za harusi ya shangazi alikuwa akizisikia tu. Iliyoko ukutani haombi ruhusa ya mtu.

Kuchapisha kuna hesabu yake. Karatasi ya inchi 4 kwa 6, kwa pikseli 300 kila inchi, yataka picha ya pikseli 1200 kwa 1800, yaani milioni 2 na kidogo. Simu nyingi za leo hupita hapo. Ukitaka ukubwa wa A4, ni karibu milioni 9. Balaa ni WhatsApp: picha ikitumwa kwa njia ya kawaida hupunguzwa, na ukiikuza uso unakuwa kama uji. Mwombe aliyeipiga aitume kama dokumenti.

Halafu kuna umbo. Simu nyingi hupiga kwa uwiano wa 4 kwa 3, lakini karatasi hiyo ni 3 kwa 2. Ili picha ijae karatasi, lazima sehemu ikatwe, na anayepoteza kichwa ni yule mrefu wa nyuma! Mwambie mwenye studio aache ukanda mweupe pembeni.

Usitundike mahali pa kupigwa na jua, rangi itafifia. Picha isigusane na kioo pia, maana ikipata unyevu hunata. Fremu yenye kadibodi kandokando huzuia hilo. Na faili usiifute. Iweke kwenye flashi na mahali pengine, ili ya ukutani ikichakaa, ichapishwe nyingine.