Waliotia Fora katika Hadithi za Upelelezi

Tangu Arthur Conan Doyle alipomtoa Sherlock Holmes mwaka 1887, kila pwani imemzaa mpelelezi wake. Hawa ndio waliotia fora, kwetu na Japani.

Wa kwanza kwa Kiswahili: Bwana Msa
Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar (1918–1991) alikuwa mkaguzi wa afya kabla ya kuingia kwenye uandishi wa habari mwaka 1948. Mswada wake, *Mzimu wa Watu wa Kale*, ulishika nafasi ya kwanza katika shindano la hadithi la East African Literature Bureau la 1957–58, ukachapwa 1960. Humo tukakutana na Bwana Msa, kiko mdomoni, na sahibu yake Najum. Damu ya Holmes inaonekana, lakini mji, watu na siri zao ni za Kizanzibari tupu.

Mfululizo wa kasi zaidi: vitabu vinne, miaka minne
Abdulla alistaafu uhariri wa gazeti la *Mkulima* mwaka 1968, mwaka uleule *Kisima cha Giningi* kilipotoka. Kisha vikafuatana *Duniani Kuna Watu* (1973), *Siri ya Sifuri* (1974), *Mke Mmoja Waume Watatu* (1975) na *Mwana wa Yungi Hulewa* (1976). Mtu aliyekwisha kustaafu!

Aliyefungua njia bara: Faraji Katalambulla
*Simu ya Kifo* ya mwaka 1965 iliuhamishia uhalifu Tanzania Bara, simu ikiwa chombo cha hofu. Kizazi kizima cha waandishi wa vitabu vya mfukoni kilimfuata.

Aliye karibu zaidi na historia ya Macaloe: Willy Gamba
Elvis Musiba alimtoa jasusi huyu katika *Kufa na Kupona* (1974), akimtuma Nairobi kufuatilia nyaraka zilizoibwa za harakati za ukombozi wa Afrika. Kwa msomaji wa Macaloe, kisiwa cha mkoa wa Cabo Delgado nchini Msumbiji, huo si mchezo wa kubuni tu. FRELIMO, harakati ya ukombozi wa Msumbiji, iliundwa Dar es Salaam mwaka 1962, na risasi za kwanza za vita vyake zililia Chai, katika mkoa huohuo wa Cabo Delgado, tarehe 25 Septemba 1964. Hakuna mpelelezi wa Kiswahili aliyebeba mzigo mzito kuliko huu.

Aliyesomwa zaidi kwa picha: Gosho Aoyama
Alizaliwa mkoani Tottori, Japani, mwaka 1963. Alianza kuchora *Detective Conan* Januari 1994: kijana mpelelezi anyweshwa sumu, mwili wake warudi utotoni, akili yabaki palepale. Jina la Conan amelichukua kwa Doyle mwenyewe. Juzuu zimepita 100, nakala zimepita milioni 270, na uwanja wa ndege wa Tottori umepewa jina la mhusika huyo.

Bwana Msa alimtangulia Conan kwa zaidi ya miaka thelathini. Alichokosa ni mkono wa kumchora. Nasi wachoraji tunao: jarida la katuni la *Sani* lilitulea na wahusika kama Lodi Lofa na Ndumilakuwili. Mchapishaji atakayewakutanisha wachoraji hao na Bwana Msa atawapa watoto wa pwani yote, kutoka Lamu hadi Macaloe, mpelelezi anayefanana nao na anayezungumza kama babu zao.