Jeraha Litokalo Damu Nyingi na Wajibu wa Kuharakisha

Hapana nyumba isiyokuwa na kisu au panga, wala hapana barabara siku hizi isiyopitwa na pikipiki. Kujeruhiwa basi ni jambo la kila siku, na katika majeraha yote lenye kuua upesi ni lile litokalo damu nyingi. Mtu mzima ana damu kiasi cha lita 5 mwilini mwake. Mshipa mkubwa ukikatika, aweza kufa kwa muda wa dakika chache tu, kabla hata gari halijapatikana. Kwa hivyo tiba ya kwanza imo mikononi mwa yule aliye karibu naye.

Na tiba yenyewe ni hii. Chukua kitambaa safi, na kikikosekana, leso au shuka yoyote, ukiweke juu ya jeraha penyewe na kukigandamiza kwa nguvu zako zote bila ya kuachilia. Usifunue kila mara kutazama kama damu imekoma, maana kufunua huko hung'oa bonge la damu lililokwisha kuanza kuganda. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake. Ikiwa ni mkono au mguu na damu haikomi, funga kwa kitambaa kipana, ukikaze sana, baina ya jeraha na moyo, wala si juu ya kiungo, na uandike saa uliyofunga. Kisu au chuma kilichoingia mwilini kisichomolewe. Ama majivu, unga wa kahawa na mafuta ya taa ambayo baadhi yetu huyatia, hayo huleta uchafu katika jeraha na kupoteza wakati.

Hospitalini ipo dawa iitwayo asidi ya traneksamiki, iliyotangazwa mwaka 1962 na Daktari Utako Okamoto, bibi wa Kijapani, pamoja na mumewe Shosuke. Mwili una desturi ya kuyeyusha bonge la damu iliyoganda. Kwa aliyeumia vibaya, huenda likayeyuka kabla ya wakati wake. Dawa hii huzuia kuyeyuka huko. (Wako watakaouliza asili yake: hutengenezwa kwa kemia, haikutolewa katika damu ya mtu wala ya mnyama.) Mwaka 2010 zilitolewa habari za uchunguzi uitwao CRASH-2, uliofanyiwa majeruhi 20,211 katika hospitali 274 za nchi 40. Ilidhihirika kwamba kwa waliopewa dawa kabla ya kutimia saa moja tangu kuumia, hatari ya kufa kwa kutokwa na damu ilipungua kadiri ya theluthi moja. Waliopewa baada ya kupita muda wa saa tatu hawakunufaika, bali vifo vya damu vilizidi kwao. Dawa ni ile ile, kipimo ni kile kile. Kilichobadilika ni wakati tu.

Mwaka 2018 mabingwa walikusanya habari za wagonjwa zaidi ya 40,000, wakiwamo wanawake waliotokwa na damu baada ya kujifungua. Wakaona kwamba kila dakika 15 za kukawia hupunguza faida ya dawa kwa sehemu moja katika kumi.

Sasa tazameni mambo yetu. Mtu ameanguka mnazini, damu yamwagika, na jamaa wamekaa wakimngoja baba mkubwa atoke shamba ndipo shauri litolewe! Wengine humpitisha kwanza kituo cha polisi kutafuta fomu. Fomu yaweza kufuatwa na mtu mwingine wakati mgonjwa yuko kwa daktari. Vijana nao hujikusanya kumpiga picha, na hapana hata mmoja aliyetia mkono kitambaani.

Ni vyema kila nyumba ijue mapema ni hospitali gani ya karibu iliyo wazi usiku, na ni jirani gani mwenye gari. Na mmoja wa wanaomsindikiza majeruhi aishike saa aliyoumia, kwani daktari ataiuliza kabla ya kumchoma sindano hiyo.