Kinyozi wa Miaka Mitano

Novemba ni mwezi wa jembe Ukambani. Mvua ya vuli, inayonyesha kati ya Oktoba na Desemba, ndiyo wakulima wengi wa Kitui na Makueni huitegemea kuliko ile ya masika. Ndengu, kunde na mahindi yakishachipuka, kila mwenye nguvu yuko shambani akipalilia. Ni wakati huo huo ambapo shule huwa zimefungwa kwa likizo ndefu. Watoto hubaki uani chini ya mwembe, mkubwa akimlinda mdogo. Ndani ya nyumba kuna mkasi wa cherehani juu ya meza, wembe wa kuchongea penseli kwenye mkoba wa shule, na asubuhi nzima kabla ya mama kurudi.

Kinachofuata wazazi wengi wanakijua. Rasta zilizosukwa kwa ajili ya Krismasi zimelala sakafuni. Mdogo amebaki na kipara upande mmoja wa kichwa, na mkubwa ameshika mkasi kwa fahari ya fundi aliyemaliza kazi. Wote wawili wanacheka, mpaka wauone uso wa mama mlangoni.

Swali la kwanza linalomtoka mzazi ni, "Umeingiwa na nini?" Mtoto hana jibu, kwa sababu hakuingiwa na kitu. Alifanya alichoona kikifanywa, na walimu wake katika somo hilo ni sisi wazazi.

Amejifunza kwetu

Fikiria mtoto wa Mwingi au Wote anajua nini kuhusu nywele. Anajua kwamba shule zikikaribia kufunguliwa, hupelekwa kwa kinyozi sokoni, huketishwa juu ya kibao, kichwa hushikwa kwa nguvu, huambiwa "tulia!", na mashine huanza kunguruma. Shule nyingi za umma nchini hutaka hata wasichana wawe na nywele fupi. Hakuna anayemwuliza mtoto kama anataka. Akilia, huahidiwa peremende. Akijitikisa, hukaripiwa.

Majirani zetu nao hawana tofauti kubwa. Pwani, Waislamu humnyoa mtoto mchanga nywele alizozaliwa nazo wakati wa akika, siku ya saba. Kwa Wamaasai, moran anapomaliza ujana wake wa vita katika sherehe ya eunoto, mama yake ndiye humnyoa zile nywele ndefu alizozitunza kwa miaka. Penye heshima au penye amri ya shule, anayeshika wembe ni mkubwa, na anayeinamisha kichwa ni mdogo wake.

Kwa macho ya mtoto wa miaka mitano, basi, kanuni iko wazi: nywele ni kitu ambacho mkubwa humpunguzia mdogo bila kumwuliza. Akicheza duka, yeye ni mwenye duka. Akicheza shule, yeye ni mwalimu. Akicheza kinyozi, ndugu yake wa miaka mitatu ndiye mteja.

Wakati mwingine kuna wivu ndani yake. Msichana wa Gredi ya 2 amenyolewa mwaka mzima kwa sababu ya shule, ilhali mdogo wake ambaye bado hajaanza masomo anasukwa vizuri na kutiwa shanga, na kila mgeni anamsifu. Mkasi ukipatikana, usawa unapatikana.

Watu wazima wenyewe hawajakubaliana kichwa cha mwanafunzi ni cha nani. Septemba 2019 Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu, Nairobi, aliamua kwamba shule moja ya Kibra ilikosea kumfukuza msichana kwa sababu ya rasta zake (dreadlocks), ambazo zilikuwa sehemu ya imani ya familia yake. Ikiwa suala hilo limewafikisha mawakili mbele ya jaji, si ajabu likimshinda mtoto wa chekechea.

Mkono hutangulia akili

Kuna pia suala la umri. Mtoto wa miaka miwili au mitatu huweza kukatakata karatasi ovyo kwa mkasi. Akifika minne huanza kufuata mstari, na kwenye mitano au sita hukata duara. Watoto wa Kenya huingia PP1 wakiwa na miaka minne, na katika elimu hiyo ya awali, ambayo Katiba ya 2010 iliiweka chini ya kaunti, kukata na kubandika karatasi ni kazi ya kawaida darasani. Mwalimu humsifu aliyekata vizuri. Mtoto huja nyumbani na ujuzi mpya akitafuta cha kukata.

Nywele humvutia kwa sababu haziumi zikikatwa. Sehemu inayoonekana juu ya ngozi haina uhai wala neva, hivyo hakuna maumivu ya kumwonya. Na mtoto wa umri huo bado hana kipimo cha muda. Ukimwambia nywele zitachukua miezi kurudi, kwake ni sawa na kusema kesho.

Mara nyingine sababu iko kwenye msuko wenyewe. Rasta zilizokazwa sana huvuta ngozi, huwasha, na humnyima mtoto usingizi usiku wa kwanza. Anayezikata alfajiri huenda anajiponya tu. Madaktari wa ngozi huonya kwamba msuko wa kubana, ukirudiwa kwa muda mrefu, unaweza kung'oa nywele za mbele zisiote tena. Kabla ya kumwadhibu mtoto kwa kuharibu msuko, pitisha kidole kwenye paji la uso wake uone kama kuna vipele.

Damu kwanza, nywele baadaye

Angalia kilichotumika. Mkasi butu wa shule ni habari ndogo, wembe ni habari nyingine. Ngozi ya kichwa ina mishipa mingi ya damu, hivyo hata mkato mdogo hutoka damu ya kutisha. Bana jeraha kwa kitambaa safi mpaka damu ikome, kisha lioshe kwa maji safi na sabuni. Kama limepanuka au damu haikomi, mpeleke mtoto kituo cha afya, uchukue na kadi yake ya kliniki ili mhudumu aone chanjo ya pepopunda. Angalia masikio na vidole vya kinyozi mwenyewe pia.

Baada ya hapo, usinyoe chochote kwa hasira. Kama zilikuwa rasta, fumua kwanza. Nywele za kuongezea huwa ndefu kuliko nywele halisi ndani yake, na mara nyingi mkasi ulipita kwenye zile za dukani tu. Hasara hapo ni pesa za msusi, kichwa kiko salama. Kama nywele halisi zimeguswa, acha mtu wa kazi asawazishe kwa mashine, wala usijaribu kurekebisha kwa wembe gizani.

Kwa kinyozi, hakikisha meno ya mashine yamesafishwa kwa dawa kabla ya kumgusa mtoto. Mapunye, ambayo ni ugonjwa wa ukungu, husambaa kirahisi kutoka kichwa hadi kichwa, na yakishaingia kwenye mizizi ya nywele krimu peke yake haitoshi. Yanahitaji dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa, ikitolewa na mhudumu wa afya.

Kuhusu kuota tena, kuna imani kwamba kichwa kikinyolewa kabisa nywele hurudi nzito na kwa haraka zaidi. Mtafiti wa Marekani, Mildred Trotter, alilipima jambo hili kwa wanaume wanaonyoa ndevu na kuchapisha matokeo yake 1928: kunyoa hakukubadili kasi wala unene wa nywele. Hukua takriban sentimita 1 kwa mwezi, na za kipilipili huonekana zimekwenda polepole zaidi kwa sababu hujikunja. Mtoto aliyekatwa katikati ya Novemba atakuwa na chini ya sentimita 2 shule zikifunguliwa Januari. Kama ni mwanafunzi, huo ndio urefu ambao mwalimu wa zamu angeutaka. Nywele zake tunazozililia zilikuwa na miadi na mashine kwa vyovyote, na tulichopoteza hasa ni picha za Krismasi.

Simu kutoka Nairobi

Picha hizo, hata hivyo, zina uzito wake. Familia nyingi za Kitui na Makueni zina mzazi anayefanya kazi Nairobi au Mombasa na mtoto anayelelewa na susu, yaani nyanya yake, kijijini. Pesa za kusuka hutumwa kwa M-Pesa, na mama hushuka kwenye basi, au kwenye treni Emali, Kibwezi au Mtito Andei, akitarajia kumkuta binti yake kama alivyomwona kwenye simu. Akikuta kipara, anaweza kudhani mtoto alikuwa mgonjwa au susu hakuwa makini. Nyanya wa watu anajikuta mshtakiwa kwa kosa la mjukuu.

Dawa ni kupiga simu siku ile ile, kabla shangazi hajatuma picha kwenye kundi la familia. Mtoto naye apewe simu aeleze mwenyewe kwa maneno yake. Akishasema, apewe ufagio, akusanye nywele zote mpaka za chini ya kitanda. Wazee wengi hawapendi nywele za mtu zitapakae ovyo wakihofia mwenye nia mbaya, hivyo huzichoma au kuzitupa chooni. Mtoto akiifanya kazi hiyo pamoja na susu, ataona kwamba alichokigusa ni sehemu ya mwili wa mwenzake.

Fimbo haina kazi hapa. Katiba inakataza adhabu ya viboko katika kifungu cha 29, na kifungu cha 53 kinamlinda mtoto dhidi ya ukatili na adhabu za kinyama. Kuna adhabu nyingine inayopendwa zaidi, nayo ni kumnyoa mkosaji kwa nguvu "na wewe uone". Hiyo inathibitisha kanuni ile ile iliyoleta balaa, kwamba mwenye nguvu ndiye mwenye mkasi. Kumrekodi mtoto huku ukoo mzima ukicheka nako kuna gharama zake: aliyepigiwa makofi leo atatafuta kichwa kingine kesho, na aliyenyolewa atakutana na video hiyo akiwa sekondari.

Si kila upara ni mchezo. Kama hakuna mkasi uliotumika na mabaka yanazidi, au mtoto anajing'oa nywele kwa vidole, au zimekuwa nyepesi na zenye wekundu usio wa kawaida, tatizo linaweza kuwa mapunye, msongo wa mawazo au lishe duni. Katika kaunti hizi mbili zinazopigwa na ukame mara kwa mara, hiyo ya mwisho isipuuzwe. Mpeleke kliniki.

Mkasi apewe

Kuficha kila chenye makali ni nusu ya kazi. Wembe uondoke kwenye mkoba, kichongeo kichukue nafasi yake, na mkasi wa cherehani upande juu ya kabati. Nusu ya pili ni kumpa mtoto mkasi wake wenye ncha butu na cha kukata: gazeti kuukuu, majani ya mgomba, vipande vya kitambaa. Susu anayesuka kiondo anaweza kumwachia nyuzi za mkonge zilizobaki. Na mahindi yakianza kutoa ndevu, kila hindi ni mwanasesere anayeweza kusukwa na kunyolewa bila kesi.

Lililobaki ni la wazazi. Kabla ya mashine kuwashwa Januari, mwonyeshe mtoto kioo na umweleze kwa nini shule inataka nywele fupi. Mwache achague kuanzia mbele au nyuma, na akisema inauma, kinyozi asimame. Huenda urefu usibadilike hata kidogo, maana shule ina kanuni zake. Lakini mtoto atakayekuwa ameombwa ruhusa kabla ya kichwa chake kuguswa ndiye utakayeweza kumwambia, naye akaelewa, kwamba na mdogo wake huombwa.