Sura ya Tatu: Kibarua cha Msimu Nacho ni Kazi

Kila Januari mashamba ya maua yanayozunguka Ziwa Naivasha huwa mbioni. Mawaridi ya Siku ya Wapendanao sharti yafike Uholanzi, Uingereza na kwingineko kabla ya tarehe 14 Februari, hivyo vibarua huongezwa. Miongoni mwao huwamo vijana wa Karagita na Kihoto waliomaliza KCSE na wanangoja kujiunga na chuo. Baadaye, wakiwa wanafunzi, huketi kwenye saiba kuandika wasifukazi wa kwanza, na wakifika penye kichwa cha uzoefu wa kazi huandika neno moja: "Sina."

Si kweli kwamba hawana. Wengi wamezoea kuamini kwamba kazi ni ile yenye barua ya ajira na mshahara wa mwisho wa mwezi. Mwajiri anayetafuta mwanafunzi wa kumfunza hatarajii hayo. Anataka kujua kama huyu aliwahi kukabidhiwa jambo akalifanya likakamilika.

Mfano ni msichana aliyekuwa akipanga maua. Akiandika "kibarua shambani", msomaji hapati lolote. Lakini anaweza kuandika hivi: "Januari hadi Februari: nilipanga mawaridi kwa urefu wa shina, sentimita 40, 50 na 60, niliondoa yenye ugonjwa au petali zilizochubuka, nilifunga mashada tayari kwa chumba cha baridi." Hajatia chumvi hata kidogo. Meneja wa hoteli kando ya ziwa, ambaye pengine hajui lolote kuhusu mawaridi, anaona mtu mwenye jicho kali anayeweza kushika bidhaa laini bila kuiharibu, na kwa kasi.

Asiyewahi kufika shambani naye ana la kusema. Safari Rally iliporudi kwenye ubingwa wa dunia wa mbio za magari mwaka 2021, baada ya kukosekana tangu 2002, ilifanya kambi Naivasha, na mbio kama hizo huhitaji watu wa kujitolea, wa kuelekeza watazamaji na wa kuuza chakula. Kuna aliyeshika duka la mama kila Jumamosi. Kuna mhazini wa kikundi cha vijana kanisani aliyekusanya michango na kuisomea hesabu mbele ya wanachama. Mhazini huyo, kwa kweli, amefanya kazi nzito kuliko wengi wenye vyeo.

Wanafunzi wa vyuo vya ufundi wana hazina nyingine: atachimenti, yaani mafunzo ya vitendo kazini. Aliyeifanya Olkaria, ambako umeme wa mvuke umezalishwa tangu 1981, au kwenye gereji ya mjini, alijaza kitabu cha kumbukumbu kila siku. Humo mna tarehe, vifaa alivyotumia na sahihi ya msimamizi. Inashangaza jinsi kitabu hicho kinavyoachwa kabatini wakati mwenyewe anahangaika kukumbuka alichofanya.

Saiba ina mtego wake. Mhudumu hufungua faili la mteja aliyetangulia, akabadilisha jina na namba ya simu, kisha akachapisha. Ndiyo maana ofisi moja inaweza kupokea maombi kumi yenye lengo lile lile la maisha na uraibu ule ule wa kusoma na kusafiri. Wakati mwingine hata warejelewa ni wa mtu mwingine. Na faili la leo, lenye namba ya kitambulisho, hubaki kwenye kompyuta hiyo hiyo likimngoja mteja wa kesho. Ni heri kujitumia faili kwa barua pepe, kulifuta pale, na kuiacha namba ya kitambulisho nje kabisa. Dini na hali ya ndoa nazo ziachwe; Sheria ya Ajira ya 2007, kwa mfano, inakataza kumbagua anayeomba kazi kwa misingi ya dini.

Warejelewa wawili wanatosha, mradi wameombwa ruhusa mapema na simu zao zinapatikana. Mwalimu wa darasa anayemkumbuka mwanafunzi vizuri anafaa kuliko diwani asiyemjua.

Kuhusu cheti cha tabia njema na vingine vya kuthibitisha kwamba mtu hana deni, mwanafunzi asikimbilie kuvilipia. Marekebisho ya Sheria ya Ajira ya mwaka 2022 yanamzuia mwajiri kuvidai kabla hajanuia kumpa mwombaji mkataba wa maandishi. Mpaka hapo, ukurasa mmoja safi na barua ya maombi vinatosha kutumwa.